Uchaguzi wa katikati ya muhula Marekani: kura inayosema hapana bila kueleza kwa nini

Tarehe 4 Novemba 2014, wapiga kura wa Arkansas, jimbo la kusini mwa Marekani, walifanya mambo mawili ambayo ukiyaweka pamoja hayaelekei kuwa kazi ya mkono mmoja. Walimwangusha Mark Pryor, seneta wao wa chama cha Democratic, na kiti chake wakampa Tom Cotton wa chama cha Republican kwa tofauti ya asilimia 17 hivi. Siku hiyohiyo, kwenye karatasi hiyohiyo ya kura, karibu theluthi mbili yao wakaidhinisha kupandishwa kwa kima cha chini cha mshahara, jambo ambalo Rais Barack Obama alikuwa akilipigia debe nchi nzima na ambalo viongozi wa Republican mjini Washington walikuwa wakilizuia. Alaska, Nebraska na South Dakota nako mambo yalikwenda vivyo hivyo: kima cha chini kikapanda, na kiti cha Seneti kikaenda kwa Republican.

Pryor hakuwa mgeni Arkansas. Baba yake alikuwa gavana na seneta wa jimbo hilo, na yeye mwenyewe alipogombea mwaka 2008 Warepublikan hawakujisumbua hata kumsimamishia mpinzani. Miaka sita baadaye jina la ukoo halikumsaidia, kwa sababu aliyekuwa akipigiwa kura ya hapana hakuwa Pryor bali Obama, ambaye jina lake halikuwamo katika karatasi ya kura. Wachambuzi wengi waliusoma usiku ule kama hukumu ya umma dhidi ya ajenda ya Wademokrat. Lakini ikiwa ni hukumu dhidi ya ajenda, basi wale waliopandisha mshahara Arkansas walikuwa akina nani?

Swali hilo ndilo linalonifanya niwe mzito wa kuukubali usemi unaorudiwa kila baada ya miaka minne, kwamba uchaguzi wa katikati ya muhula ni kioo cha hisia za wananchi. Ni kweli kwamba hasira za wananchi huonekana humo. Lakini kura hiyo hueleza kutoridhika bila kueleza kinachotakiwa, hutolewa na sehemu tu ya wananchi, na madhara yake makubwa kwa siasa za taifa hutokea mahali ambapo wengi wa waliopiga kura hawakuwa wanapatazama kabisa.

Utaratibu wenyewe umewekwa na Katiba. Wajumbe wote 435 wa Baraza la Wawakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, na maseneta, ambao ni 100 na kila mmoja hukaa miaka sita, huchaguliwa kwa mafungu, theluthi moja kila mara. Rais ana miaka minne. Kwa hiyo nusu ya safari yake ikifika, Baraza zima na theluthi ya Seneti hurudi kwa wananchi ilhali yeye hagusiki. Waliotunga Katiba walikusudia Baraza liwe karibu na joto la umma na Seneti iwe mahali pa kulipoza joto hilo, na hadi mwaka 1913 maseneta hawakuchaguliwa na wananchi bali na mabunge ya majimbo. Hapana shaka kwamba hawakukusudia siku hiyo iwe kura ya imani kwa rais, lakini ndivyo ilivyogeuka kuwa.

Rekodi yake ni ya kushangaza kwa jinsi isivyobadilika. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 19, chama cha rais kimepoteza viti vya Baraza la Wawakilishi katika takriban kila uchaguzi wa katikati ya muhula. Katika miaka mia moja iliyopita kimeongeza viti mara tatu tu: mwaka 1934, Franklin Roosevelt alipokuwa bado ndiye tumaini la nchi iliyodidimia kiuchumi, mwaka 1998, Warepublikan walipokuwa mbioni kumshtaki Bill Clinton bungeni na umma ukaona wamepita kiasi, na mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Marais wengine wote, wapendwao na wasiopendwa, walilipa ushuru huo. Ronald Reagan alipoteza viti 26 mwaka 1982, Clinton 54 mwaka 1994, Obama 63 mwaka 2010, na Donald Trump takriban 40 mwaka 2018.

Kawaida iliyoshikilia namna hiyo, katika neema na katika dhiki, haiwezi kuelezwa kwa makosa ya rais mmoja mmoja. Mtaalamu wa siasa Angus Campbell alieleza mwaka 1960 kwamba mgombea wa urais huwavuta vituoni watu ambao kwa kawaida hawajishughulishi na siasa, na wabunge wa chama chake hunufaika. Miaka miwili ikipita watu hao hubaki majumbani na wabunge hao huachwa wajitegemee. Kuna pia wapiga kura wanaoona ni busara kumwekea rais breki, hata rais waliyemchagua wenyewe. Na kuna jambo la kibinadamu zaidi, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko hayo mawili: aliyeshinda hutulia, na aliyeshindwa huwa na jambo la kusema. Furaha ya ushindi haidumu miaka miwili, ila kinyongo cha kushindwa hudumu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuutazama utaratibu huu kwa wivu kidogo. Kenya na Tanzania humchagua rais na wabunge siku moja, kisha hungoja miaka mitano. Mkenya aliyekasirishwa na Muswada wa Fedha mwezi Juni 2024 hakuwa na sanduku lolote la kura la kulikimbilia hadi Agosti 2027. Chaguzi ndogo hufanyika tu pale kiti kinapobaki wazi kwa sababu kama kifo, kujiuzulu au amri ya mahakama, tena katika eneo bunge moja moja. Hasira ile ilikwenda barabarani, ikaingia hadi ndani ya majengo ya Bunge tarehe 25 Juni, watu wakauawa, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini muswada huo. Sisemi kwamba Marekani haina maandamano. Nasema tu kwamba Mmarekani mwenye hasira daima ana tarehe ya kungojea, na haizidi miaka miwili, na kuwapo kwa tarehe hiyo huwafanya hata wabunge wa chama cha rais wamwogope mpiga kura kabla hajasema neno.

Tarehe ikishafika na hapana ikishasemwa, huanza mashindano ya kuitafsiri. Hapo ndipo siasa za kweli zilipo. Mwaka 1994 Warepublikan walitwaa Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40, chini ya uongozi wa Newt Gingrich, aliyekuwa ameandaa pamoja na wenzake mkataba wa ahadi kumi kwa wananchi. Kura za maoni za wakati ule zilionyesha kwamba Wamarekani wengi hawakuwa hata wameusikia mkataba huo. Gingrich hata hivyo aliuchukulia ushindi kuwa ni ridhaa ya umma ya kupunguza matumizi ya serikali kwa nguvu, akavutana na Clinton hadi shughuli za serikali zikafungwa mara mbili, mwishoni mwa 1995 na kuingia Januari 1996. Lawama zikamwangukia yeye. Clinton alishinda tena kwa urahisi mwaka 1996, na baada ya uchaguzi wa 1998 Gingrich alilazimika kujiuzulu uspika. Wananchi walikuwa wamesema hawamtaki Clinton awe na mamlaka yote; Gingrich akasikia kwamba wanamtaka yeye.

Mfano wa pili unakwenda upande mwingine, wa kiongozi aliyesikia vizuri kisha akafanya alilotaka. Mwaka 2006 vita vya Iraq vilikuwa vimewachosha Wamarekani, na Wademokrat wakatwaa mabunge yote mawili. Kwa kipimo chochote huo ulikuwa ujumbe wa wazi kuliko kawaida. Siku iliyofuata George W. Bush alitangaza kuondoka kwa Donald Rumsfeld, waziri wa ulinzi, na wengi wakadhani mwisho wa vita umekaribia. Tarehe 10 Januari 2007, wiki moja tu baada ya Nancy Pelosi kuapishwa kuwa mwanamke wa kwanza kuwa spika, Bush alitangaza kupeleka Iraq zaidi ya askari 20,000 wa nyongeza. Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi, hasa mwenye nyumba ambaye Katiba inamfanya amiri jeshi mkuu na ambaye hana tena uchaguzi wa kugombea.

Ndiyo maana uchaguzi huu ni mtabiri dhaifu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini Reagan aliyepigwa mwaka 1982, wakati ukosefu wa ajira ulikuwa umevuka asilimia 10, alishinda majimbo 49 kati ya 50 mwaka 1984. Harry Truman alipoteza mabunge yote mawili mwaka 1946 na akashinda urais mwaka 1948. Obama wa 2010 akarudi mwaka 2012. Kipigo cha katikati ya muhula hata humsaidia rais, kwa maana humpa mpinzani aliye na mamlaka na kwa hiyo mwenye kulaumika.

Sasa nije kwenye suala la ni nani hasa anayesema. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo, na sidhani kuna methali inayoueleza uchaguzi huu vizuri zaidi. Mwaka 2012, Obama alipochaguliwa tena, takriban asilimia 58 ya Wamarekani wenye haki ya kupiga kura walijitokeza. Mwaka 2014 walijitokeza asilimia 36, kiwango cha chini kabisa tangu 1942, wakati nchi ilipokuwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Takwimu za ofisi ya sensa zinaonyesha kwamba kati ya vijana wa miaka 18 hadi 29 alipiga kura mmoja tu kati ya watano; kati ya wazee wa miaka 65 na zaidi walipiga karibu watatu kati ya watano. Kwa hiyo tukisema kwamba mwaka 2014 Marekani iliamua, tunamaanisha kwamba theluthi moja ya Wamarekani, tena wenye umri mkubwa kuliko wenzao, waliamua.

Mwaka 2018 hali ilikuwa tofauti. Takriban nusu ya wenye haki walipiga kura, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa katika uchaguzi wa aina hii tangu 1914, na vijana walikaribia kuongezeka maradufu ikilinganishwa na 2014. Wademokrat walitwaa Baraza la Wawakilishi. Na bado, usiku huohuo, Warepublikan waliongeza viti viwili vya Seneti, kwa sababu fungu la viti vilivyokuwa vikishindaniwa mwaka ule lilihusisha majimbo kama North Dakota, Indiana na Missouri, ambako Wademokrat walikuwa wakilinda viti katika nchi ya Trump. Wananchi ni walewale na siku ni ileile, lakini kila bunge lilitoa jibu lake, na Trump hakukosea kihesabu aliposhangilia Seneti, ingawa alikuwa akilikwepa jambo kubwa zaidi.

Kinachonivutia zaidi ni mageuzi yaliyotokea kimyakimya baada ya hapo. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa kanuni kwamba watu wachache wakijitokeza, Republican hunufaika, maana wafuasi wake walikuwa wazee, wenye nyumba na wenye mazoea ya kupiga kura. Trump alikibadilisha chama chake. Aliwavuta watu wasio na elimu ya chuo kikuu, wengi wao wasio na mazoea ya kupiga kura asipokuwapo yeye mwenyewe kwenye karatasi, huku wenye shahada wa vitongoji vya miji, ambao hawakosi uchaguzi hata wa bodi ya shule, wakihamia Democratic. Kioo ni kilekile, lakini waliosimama mbele yake wamebadilishana nafasi.

Bila kulielewa hilo, uchaguzi wa Novemba 2022 hausomeki. Kila kipimo cha kawaida kilisema Joe Biden atapigwa vibaya. Mfumuko wa bei ulifikia asilimia 9.1 mwezi Juni, wa juu kabisa kwa takriban miaka 40, na waliomkubali katika kura za maoni walikuwa wachache kuliko waliomkataa. Badala yake Democratic kilipoteza viti tisa tu vya Baraza, kikaongeza kimoja cha Seneti huko Pennsylvania, na hakuna seneta wake hata mmoja aliyekuwa akitetea kiti aliyeshindwa. Sababu moja ilikuwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 24 Juni 2022, ulioondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba. Kansas, jimbo la Kirepublikan tangu zamani, ilikuwa imekwisha kutoa dalili mwezi Agosti, ambapo karibu wapiga kura sita kati ya kumi walikataa kuiondoa haki hiyo katika katiba ya jimbo. Michigan iliiandika haki hiyo katika katiba yake siku ya uchaguzi wenyewe, na Wademokrat wakayatwaa mabunge yote mawili ya jimbo, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa karibu miaka 40.

Kesho yake Biden aliulizwa na waandishi wa habari angebadilisha nini katika miaka miwili iliyobaki. Akajibu kwamba hakuna. Aliyasoma matokeo kama idhini yake binafsi, na chama chake kikayasoma hivyo pamoja naye. Minong'ono kuhusu umri wake ilitulia, na Aprili 2023 akatangaza kugombea tena bila mpinzani wa maana. Lakini waliomwokoa mwaka 2022 walikuwa wapiga kura wa mazoea, wenye uchungu na uamuzi wa mahakama, na si umma wote. Waliokuwa wakiumizwa na bei za mayai na kodi za nyumba, wengi wao walikuwa majumbani siku ile. Mwaka 2024 walitoka. Kura zote zilizopigwa zilizidi za 2022 kwa zaidi ya milioni 40. Biden alijitoa tarehe 21 Julai, na mwezi Novemba Trump akashinda majimbo yote saba yaliyokuwa yakigombewa vikali. Kipigo kingewauma Wademokrat mwaka 2022, ila kingewaambia ukweli. Walichopata ni nafuu iliyowalevya.

Kuhusu athari kwa siasa za taifa, mazoea ni kuhesabu sheria: ngapi zilipita, ngapi zilikwama. Hilo lina ukweli wake. Baada ya 2010 Obama hakupitisha tena sheria kubwa ya aina ya ile ya bima ya afya ya Machi 2010. Alitawala kwa amri za kiutawala, kama ile ya Juni 2012 iliyowakinga dhidi ya kufukuzwa nchini vijana walioletwa Marekani wakiwa watoto bila vibali. Wajumbe wapya waliochaguliwa 2010 kwa wimbi la Tea Party, vuguvugu la kihafidhina lililopinga matumizi makubwa ya serikali, waliuvuta mjadala wa ukomo wa deni la taifa hadi Agosti 2011, shirika moja la kupima uwezo wa kukopa likaishusha Marekani daraja kwa mara ya kwanza. Lakini hayo yalionekana. Yasiyoonekana ndiyo yaliyodumu.

Chukua Seneti ile iliyopatikana mwaka 2014, akina Cotton wa Arkansas na wenzake. Februari 2016 jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu alifariki dunia, na Obama akamteua Merrick Garland. Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublikan waliokuwa wengi katika Seneti, alikataa hata kumwita Garland kuhojiwa. Kiti kikakaa wazi mwaka mzima na zaidi, hadi Trump alipomteua Neil Gorsuch, aliyeapishwa Aprili 2017. Uamuzi wa Juni 2022 wa kuifuta haki ya kutoa mimba iliyokuwapo tangu 1973 uliungwa mkono na majaji watano kati ya tisa, Gorsuch akiwa mmojawapo. Mtoe huyo, mweke Garland, na watano hawatimii. Kwa hiyo theluthi ile ya wapiga kura wa 2014, ambao wengi wao walikuwa wakiwaza Obama, Ebola na mshahara, walishika ufunguo wa suala kubwa kabisa la uchaguzi wa 2022 bila hata mmoja wao kuulizwa. Na wale vijana wanne kati ya watano waliobaki nyumbani mwaka 2014 ndio hasa waliokuwa na umri wa kuguswa na uamuzi huo.

Mwaka 2010 una kisa chake, na pengine ni kikubwa zaidi. Sensa ya Marekani hufanyika kila mwaka unaoishia na sifuri, na baada ya sensa mipaka ya maeneo bunge huchorwa upya. Katika majimbo mengi anayeichora ni bunge la jimbo. Warepublikan walilitambua hilo mapema, wakatengeneza mpango walioupa jina la REDMAP, wakaelekeza fedha kwenye viti vya mabunge ya majimbo ambavyo hakuna televisheni ya taifa iliyokuwa ikivifuatilia. Waliongeza zaidi ya viti 600 vya mabunge hayo nchi nzima. Tabia ya kuchora mipaka kwa hila ni ya zamani, tangu gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts mwaka 1812, ila safari hii ilifanywa kwa kompyuta na kwa takwimu za nyumba hadi nyumba. Mwaka 2012 wagombea wa Republican wa bunge la chini la Wisconsin walipata chini ya nusu ya kura zote na bado wakachukua viti 60 kati ya 99. Kitaifa, mwaka huohuo, wagombea wa Democratic wa Baraza la Wawakilishi walipata kura zaidi ya milioni moja kuliko wenzao, na Warepublikan wakabaki na viti 234 kwa 201. Mahakama ya Juu iliposema mwaka 2019, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba mahakama za shirikisho hazina uwezo wa kuamua kesi za mipaka iliyochorwa kwa upendeleo wa chama, mlango huo ulibaki wazi.

Hapa ndipo napata ugumu na sitiari ya kioo. Kioo hakimchagui atakayejitazama kesho. Uchaguzi wa 2010 ulifanya hivyo hasa: hasira ya siku moja iligeuzwa kuwa mistari kwenye ramani, na mistari hiyo ikazipima hisia za umma kwa miaka kumi iliyofuata.

Madhara haya hayaishii ndani ya mipaka ya Marekani, na kwetu yamefika kwa njia ambayo wengi hawakuiona. Uchaguzi wa 2022 uliwapa Warepublikan viti 222 kwa 213, wingi mwembamba kiasi kwamba wajumbe wachache wakaidi waliweza kumkwamisha spika wao; Kevin McCarthy alihitaji duru 15 za kura kuchaguliwa Januari 2023, na Oktoba mwaka huo akawa spika wa kwanza katika historia kuondolewa kwa kura. Katika Bunge hilo ndimo uliponasa mpango wa PEPFAR, ulioanzishwa na Bush mwaka 2003, ambao umewapa mamilioni ya watu wa Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mara tatu kabla ya hapo uliongezewa muda wa miaka mitano mitano kwa maafikiano ya vyama vyote. Septemba 2023 idhini yake iliisha bila kuhuishwa, kwa sababu ya ugomvi wa utoaji mimba, ugomvi uleule wa uamuzi wa 2022, na hata ulipohuishwa Machi 2024 ulipewa mwaka mmoja tu. Fedha ziliendelea kutoka, lakini mpango uliokuwa juu ya siasa ulikuwa umeshushwa na kuwa mmoja wa mifupa inayogombaniwa. Mpiga kura wa New York au California aliyeuleta wingi ule wa viti tisa hakuwa akifikiria kliniki ya Kisumu wala ya Mbeya, na hatuna haki ya kumlaumu kwa hilo.

Uchaguzi wa tarehe 3 Novemba 2026 ulianza kupiganiwa zaidi ya mwaka mmoja kabla, na safari hii hakuna aliyengoja sensa. Agosti 2025 Warepublikan wa Texas, kwa kuhimizwa na Trump, walichora upya ramani ya jimbo lao kwa lengo la kujiongezea viti vitano. Missouri na North Carolina zikafuata. Ni ungamo la aina yake, kwa kuwa rais anayeamini kwamba umma uko upande wake hahitaji kuhamisha mipaka. California ilijibu. Jimbo hilo lilikuwa na tume huru ya wananchi ya kuchora mipaka, iliyoundwa na wapiga kura wenyewe mwaka 2008 na kupewa mipaka ya Bunge la taifa mwaka 2010, tume ambayo wapenda mageuzi waliitolea mfano kote nchini. Tarehe 4 Novemba 2025 wapiga kura walewale, kwa zaidi ya asilimia 60, waliziweka kando ramani za tume hiyo na kuidhinisha nyingine zinazolenga kuwapa Wademokrat viti vitano. Ramani hizo zimepangwa kutumika katika chaguzi za 2026, 2028 na 2030, hadi tume itakapochora nyingine kutokana na sensa ya 2030, mwaka ambao nao, kama 2010, ni wa uchaguzi wa katikati ya muhula.